Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Chakula, Vitamini na Maisha ya Nyumbani

Upasuaji wa kupunguza uzito huchukua saa chache tu, na wagonjwa wengi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku mbili au tatu. Yanayofuata ndiyo marefu. Mgonjwa anayerudi Kisauni, Likoni au Changamwe akiwa na majeraha madogo tumboni huwa ameanza utaratibu wa kula, kumeza vitamini na kupimwa damu utakaoendelea maisha yake yote. Wanaofaulu zaidi ni wale waliolijua hilo kabla ya kulazwa, na ambao jamaa zao nyumbani walilijua pia.

Suala hili linawahusu wakazi wengi kuliko inavyodhaniwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya kila watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya alikuwa na uzito uliopita kiasi, na ule wa 2022 ukaonyesha kwamba idadi hiyo imepanda. Wachache kati yao huchagua upasuaji. Baadhi hufanyiwa Nairobi, wengine husafiri hadi India. Hivyo basi daktari aliyemfanyia mgonjwa upasuaji huenda akawa karibu kilomita 500 kutoka hapa, au ng'ambo ya bahari. Mambo yanapoharibika usiku, mlango utakaobishwa ni wa kituo cha afya kilicho karibu, na anayebisha ni mume, dada au jirani. Ndiyo maana ni muhimu wote hao wajue mambo ya msingi.

Kinachobadilika tumboni

Kuna aina mbili za upasuaji zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo, na kinachobaki huwa kama bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo sana sehemu ya juu ya tumbo, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kifuko hicho mwanzoni hubeba takribani mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa.

Pamoja na nafasi kupungua, homoni zinazoleta njaa na shibe nazo hubadilika. Wagonjwa wengi hushangaa kwamba katika miezi ya kwanza hawasikii njaa hata kidogo. Hilo husaidia kupunguza uzito, lakini lina hatari yake, kwa sababu mtu asiyesikia njaa husahau kula, na asiyesikia kiu husahau kunywa. Mgonjwa katika kipindi hiki hula kwa saa, wala hangoji tumbo limwite.

Ni vyema pia matarajio yawe sawa tangu mwanzo. Kwa wastani mtu hupoteza kati ya asilimia 25 na 30 ya uzito wake wote, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza. Mwenye kilo 130 basi anaweza kufika kati ya kilo 91 na 98. Bado si mwembamba. Hata hivyo, huenda kisukari chake kikatulia, presha ikashuka, magoti yakaacha kuuma na usingizi ukawa wa kupumua vizuri. Anayengojea kuwa kama picha za warembo kwenye simu atavunjika moyo bure, ilhali mwili wake umepata nafuu kubwa.

Wiki za mwanzo

Kila hospitali ina ratiba yake na mgonjwa anapaswa kufuata aliyopewa. Kwa kawaida wiki mbili za kwanza ni za vinywaji pekee. Hufuata wiki kadhaa za chakula kilichosagwa au kupondwa, kisha chakula laini, na kufikia mwezi wa pili au wa tatu mgonjwa huwa amerudi kwenye chakula cha kawaida, ila kwa kiasi kidogo. Ratiba hii inalinda mahali palipokatwa na kushonwa, na kuiruka ni hatari. Jamaa anayemwonea huruma mgonjwa na kumletea pilau siku ya kumi hamfanyii wema.

Kipimo kizuri nyumbani ni kikombe kidogo cha kahawa chungu, kile cha wauza kahawa wa mitaani. Mwanzoni mgonjwa hunywa kikombe kimoja polepole, kwa mafunda madogo, huku akiangalia saa. Lengo ni kufikisha lita moja na nusu au zaidi kwa siku, na katika joto la Januari hadi Machi mjini Mombasa hilo si jambo dogo. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, mdomo ukikauka, kichwa kikizunguka mtu anaposimama, maji yamepungua mwilini. Mgonjwa atembee na chupa ya maji kila aendako, hata kwenye feri.

Uji, unaosifiwa kuwa chakula cha kila mgonjwa, hapa hauna daraja hilo. Uji mwingi ni wanga na sukari. Kwa kuwa nafasi tumboni ni ndogo, kila funda lazima libebe kitu cha kujenga mwili: supu ya kuku au ya samaki iliyochujwa na kuondolewa mafuta, maziwa, mala isiyotiwa sukari. Mgonjwa akitaka uji, uwe mwepesi, upikwe kwa maziwa na usitiwe sukari. Soda, hata ile isiyo na sukari, iachwe kwa sababu gesi yake hujaza tumbo na kuleta maumivu.

Protini kwanza

Mgonjwa anapoanza kula vyakula vya kawaida, kanuni inayobeba nyingine zote ni kwamba protini huliwa kwanza, mboga za majani baadaye, na ugali, wali au chapati mwisho kama bado kuna nafasi. Desturi ya mezani hapa nchini ni kinyume chake. Ugali au wali ndio chakula, na samaki au nyama ni kitoweo cha kuusindikiza. Baada ya upasuaji, kitoweo ndicho chakula.

Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Bila protini ya kutosha mwili hula misuli yake wenyewe, na mtu hupungua uzito huku akiishiwa nguvu. Yai moja lina takribani gramu 6. Glasi ya maziwa au mala ina gramu 8. Kipande cha samaki aliyepikwa chenye uzito wa gramu 100 kina gramu 20 au zaidi, na nusu kikombe cha maharagwe au ndengu zilizoiva kina takribani 7. Kwa hivyo yai asubuhi, glasi ya maziwa saa nne, samaki mchana, glasi ya mala jioni mapema, na kipande kidogo cha kuku pamoja na nusu kikombe cha ndengu usiku hukaribia gramu 65. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji kununuliwa katika duka la madawa. Dagaa na omena pia ni hazina, na bei yao inajulikana na kila mtu.

Wakazi wasiokula nyama wala samaki kwa sababu ya dini au desturi wanaweza kufika hapo kwa maziwa, mala, dengu, choroko na maharagwe, lakini itawabidi wapange zaidi na wamweleze mtaalamu wa lishe kabla ya upasuaji, hasa kuhusu vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mimea.

Namna ya kula nayo hubadilika. Tonge huwa dogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hutafunwa mara 20 au 30 hadi liwe uji mdomoni. Mlo mmoja huchukua kama dakika 20 hadi 30. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Mgonjwa husubiri kama nusu saa baada ya kula ndipo anywe. Dalili ya kushiba haipo tena tumboni palepale ilipokuwa. Wengine husikia mbano chini ya kifua, wengine huanza kwikwi au makamasi. Mgonjwa anapoona dalili hiyo, aweke kijiko chini. Tonge moja zaidi ndilo litakalorudi kwa kutapika.

Ugali mgumu, chapati na mkate mweupe huwasumbua wengi kwa sababu hugeuka donge na kukwama. Nyama choma kavu na kuku wa kienyeji aliyekomaa pia hukwama, wakati samaki kama changu aliyechemshwa au kuku aliyepikwa mpaka mnofu ukaachana na mfupa hupita vizuri. Kwenye mahamri na mbaazi, mbaazi ndizo za kuliwa, na ni bora zipikwe kwa tui jepesi.

Sinia, harusi na "ongeza kidogo"

Ushauri mwingi wa lishe huandikwa kana kwamba kila mtu anakula peke yake kwenye sahani yake. Katika nyumba nyingi za Pwani sivyo. Watu hula pamoja kwenye sinia, na mwendo wa kula ni wa wote. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, sinia lina matatizo mawili: hajui amekula kiasi gani, na anajikuta akikimbizana na wenzake. Suluhisho si kumtenga mgonjwa chumbani na kibakuli chake. Anaweza kuketi na wenzake kama kawaida huku sehemu yake ikiwa imepakuliwa kwenye kisahani cha chai kando yake. Katika wiki chache familia itazoea.

Harusini na kwenye hitima mambo huwa magumu zaidi. Mwenye nyumba huona aibu mgeni wake akila vijiko vitatu vya biriani. Atamwambia aongeze kidogo, na akikataa, ataulizwa kama chakula ni kibaya. Baadhi ya wagonjwa hawataki habari za upasuaji wao zijulikane na wana haki hiyo. Inatosha kusema kwamba daktari amekataza kula sana, maneno ambayo hapa kwetu yanaheshimiwa. Njia nyingine ni kula protini nyumbani kabla ya kwenda, na ukumbini kuomba kipande cha nyama bila wali.

Kuna uvumi pia. Mtu aliyepungua kilo 30 katika miezi sita hutazamwa mtaani. Wapo watakaosema ana virusi vya HIV, wapo watakaosema ana saratani au amerogwa. Wagonjwa wengine, hasa akina mama wafanyabiashara wanaotegemea wateja, huumia kwa maneno hayo hadi wakaanza kula ovyo ili wanenepe tena. Nywele kunyonyoka, jambo linalotokea kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, huongeza chumvi kwenye uvumi huo. Kwa kawaida nywele huota tena iwapo protini, madini ya chuma na zinki vinatosha. Ngozi inayoning'inia mikononi na tumboni hairudi yote, na wakati wa joto mikunjo yake inahitaji kuoshwa na kukaushwa vizuri ili isipate vipele. Huzuni inayodumu kwa wiki kadhaa, au kukosa usingizi na hamu ya kuonana na watu, ni jambo la kumweleza mhudumu wa afya kama maumivu mengine yoyote.

Chakula kinachoteleza

Tatizo linalorudisha uzito halianzi na sahani kubwa ya ugali, maana haiwezi kuingia. Huanza na vitu vinavyopita bila shida: aiskrimu, soda, juisi ya miwa, biskuti, kachri na krispi, chai yenye vijiko vinne vya sukari, viazi karai viwili vitatu vya jioni. Kuku humpa mtu kazi ya kutafuna kwa nusu saa. Biskuti humalizika kwa dakika moja na tumbo halilalamiki. Mtu akigundua kwamba chakula kizuri kinamsumbua na kitamu kinateleza, huanza bila kujua kuhamia kwenye kile kinachoteleza. Baada ya mwaka mmoja na nusu njaa nayo huwa imerudi kiasi, na mizani huanza kupanda.

Kuongezeka kilo chache baada ya mwaka wa pili ni kawaida na si aibu. Kinachofaa ni kurudi kliniki mapema, na wengi hufanya kinyume chake kwa kuogopa kukaripiwa.

Vyakula vya sukari nyingi vina adhabu nyingine, hasa kwa waliorukishwa utumbo. Sukari inapoingia kwenye utumbo kwa haraka, mtu huanza kutoka jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kukata na kuharisha, na baada ya saa moja hadi tatu sukari ya damu inaweza kushuka ghafla hadi akatetemeka au kuzirai. Kaimati za shira na madafu yaliyoongezwa sukari vimewaangusha watu kwa njia hii wakadhani wamekula sumu.

Pombe nayo hufika kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi kuliko zamani. Glasi moja ya mnazi inaweza kufanya kazi ya tatu. Watafiti wameona pia kwamba hatari ya kuwa mraibu wa pombe huongezeka baada ya upasuaji, hasa ule wa kurukisha utumbo. Sigara huongeza vidonda vya tumbo pale palipounganishwa. Muguka na miraa huua hamu ya kula, na mara nyingi hutafunwa pamoja na soda na peremende. Mtu ambaye tayari hasikii njaa anaweza kupitisha siku nzima hivyo bila gramu 10 za protini.

Vitamini za maisha yote

Hapa ndipo wagonjwa wengi huanguka. Baada ya upasuaji mwili haupati tena vitamini na madini ya kutosha kwa chakula pekee, kwa kuwa chakula ni kidogo na sehemu inayovifyonza imepunguzwa au imerukwa. Kwa hivyo mgonjwa huandikiwa vitamini mchanganyiko, kalsiamu pamoja na vitamini D, madini ya chuma, na vitamini B12 ya tembe au ya sindano. Muda wake ni maisha yote, wala si wa miezi sita.

Kinachowadanganya watu ni akiba. Mwili una akiba ya B12 inayoweza kutosha kwa mwaka au zaidi. Mgonjwa akiacha tembe mwezi wa nne kwa sababu ya bei au uchovu wa kumeza, haoni lolote. Anajisikia vizuri, anapungua uzito, anasifiwa. Miaka miwili baadaye huanza kusikia ganzi na sindano kwenye nyayo, ulimi kuuma, kusahau na uchovu usioisha, na kufikia hapo baadhi ya neva huenda zimeharibika moja kwa moja. Upungufu wa madini ya chuma huja mapema zaidi kwa wanawake wanaopata hedhi. Kalsiamu ikikosekana, mifupa hudhoofika kimyakimya hadi siku inapovunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Madini ya chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane kwa saa mbili angalau. Chai nayo huzuia chuma kufyonzwa, hivyo tembe ya chuma imezwe mbali na kikombe cha chai. Kabla ya kukubali upasuaji, kila familia ipige hesabu ya gharama ya vitamini na vipimo vya damu kwa mwezi na kwa mwaka. Wenye bima, ikiwemo ile ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, waulize mapema ni kipi kinacholipiwa na kipi kitatoka mfukoni.

Kutapika kusikoisha ni dharura

Vitamini B1 ni tofauti na B12 kwa kuwa akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mgonjwa anayetapika kila siku, au asiyeweza kuweka chakula tumboni kwa siku kadhaa, anaweza kuiishiwa kabisa. Ikiisha, huanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea, miguu kukosa nguvu, na hatimaye kuchanganyikiwa. Jamaa hudhani ni malaria imepanda kichwani au ni majini, na siku zinapotea. Asipotibiwa haraka anaweza kubaki na ulemavu wa kumbukumbu au kufa.

Tiba yake ni sindano ya B1. Kuna jambo moja ambalo msindikizaji wa mgonjwa anapaswa kulisema kwa sauti anapofika kituoni, hata kama hajaulizwa: kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na amekuwa akitapika. Mgonjwa dhaifu anayetapika mara nyingi huwekewa dripu ya glukosi, na glukosi ikitangulia bila B1 inaweza kuzidisha madhara kwenye ubongo. Mhudumu akijua historia hiyo, atampa B1 kwanza au pamoja nayo.

Dalili nyingine zinazohitaji hospitali siku hiyohiyo ni homa, mapigo ya moyo kwenda mbio hata mtu akiwa amelala, maumivu makali ya tumbo au ya bega, na kukosa pumzi katika wiki za kwanza, kwa kuwa huenda mshono unavuja. Muundi kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla, huenda ni damu iliyoganda. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni vidonda vinavyotoka damu. Na kwa waliorukishwa utumbo, maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hata miaka mitatu baada ya upasuaji, yanaweza kumaanisha utumbo umejinyonga ndani. Hayo hayasubiri kesho na hayatibiwi kwa dawa ya minyoo. Mgonjwa apelekwe moja kwa moja penye daktari wa upasuaji.

Dawa za kisukari, presha na maumivu

Kwa wengi wenye kisukari, sukari hushuka ndani ya siku chache baada ya upasuaji, hata kabla uzito haujapungua sana. Hiyo ni habari njema yenye mtego. Mtu akiendelea na kiwango kilekile cha insulini au tembe za kushusha sukari, anaweza kuzirai usingizini. Dawa za presha nazo zinaweza kuzidi nguvu. Viwango hivi hupunguzwa na daktari, si na jirani wala na mgonjwa mwenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa kote nchini mwaka 2023 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari, presha na uzito, na mgonjwa anaweza kumwomba wa mtaa wake ampime na kuandika matokeo daftarini ili ayapeleke kliniki.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini husababisha vidonda kwenye tumbo lililokatwa. Paracetamol ndiyo salama zaidi. Tatizo ni kwamba baadhi ya tembe za kichwa zinazouzwa kwenye vioski zina aspirini ndani yake, kwa hiyo pakiti isomwe kwanza. Aliyeandikiwa aspirini na daktari wa moyo asiiache bila kumuuliza.

Ujauzito na mfungo

Uzito unapopungua, mayai ya mwanamke huanza kupevuka kwa mpangilio mzuri zaidi. Wanawake waliokaa miaka bila kushika mimba hushangaa kupata ujauzito mwezi wa tano. Hata hivyo, ushauri ni kungoja miezi 12 hadi 18, hadi uzito utulie na mtoto asikose lishe tumboni. Kwa waliorukishwa utumbo, tembe za kupanga uzazi huenda zisifyonzwe vizuri, na kijiti au koili huwa na uhakika zaidi. Mama akishapata ujauzito, aeleze kliniki ya wajawazito kuhusu upasuaji wake tangu siku ya kwanza. Kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi kinaweza kumwangusha, na kuna njia nyingine za kumpima.

Kuhusu Ramadhani, madaktari wengi huwashauri wagonjwa wao wasifunge katika mwaka wa kwanza au mwaka na nusu. Lita moja na nusu ya maji kwa mafunda haiingii kati ya magharibi na alfajiri pamoja na protini na vitamini za siku nzima. Mgonjwa ana ruhusa ya dini, na anaweza kushauriana na sheikh wake pamoja na daktari. Anayeruhusiwa kufunga baadaye hupanga futari yake upya: maji na kikombe cha supu kwanza, kisha samaki au kuku, na tende iwe moja. Mihogo ya nazi, viazi vitamu, vibibi na mkate wa sinia vyote vitakuwa mezani, na kila kimoja kitaomba nafasi. Daku haliachwi.

Cheti cha kubeba

Kila aliyefanyiwa upasuaji ahakikishe ana muhtasari ulioandikwa unaotaja aina ya upasuaji, tarehe na dawa alizoandikiwa, hasa kama alitibiwa nje ya nchi. Nakala moja ikae na jamaa, nyingine ipigwe picha kwenye simu. Katika mwaka wa kwanza vipimo vya damu hufanywa kila baada ya miezi mitatu hadi sita kufuatana na maagizo ya daktari, na baada ya hapo angalau mara moja kwa mwaka: wingi wa damu, madini ya chuma, B12, asidi ya foliki, vitamini D, kalsiamu, sukari, figo na ini. Si kila kituo kina vipimo vyote hivyo, lakini kituo kilicho karibu kinaweza kupima wingi wa damu, sukari na presha, na kutoa barua ya rufaa kwa vilivyosalia. Anayekwenda kliniki abebe muhtasari huo, daftari la vipimo vya nyumbani na pakiti za dawa zote anazomeza, zikiwemo za mitishamba.